Breki ya Mwalimu

Shemeji yangu, mume wa dada, ni mwalimu wa udereva, na kama kuna mtu ambaye kazi imemharibu tabia, ni yeye. Miaka yote amekaa kiti cha pembeni, mguu wa kulia ukiwa juu ya breki ya pili, ile ambayo magari ya kufundishia hufungiwa ili mwalimu alisimamishe gari mwanafunzi akivurunda. Basi mtu akishazoea kuwasimamisha wenzake kwa mguu, hawezi kuiacha tabia hiyo kazini. Nyumbani anasimamisha kila kitu. Dada akimimina chai, "Taratibu." Watoto wakishuka ngazi, "Tazama mbele." Mimi siku niliyomwambia nataka kujifunza gari, sentensi haijaisha akainua kiganja: "Simama hapo hapo. Macho yako mazima?"

Macho yalikuwa mazima, na sababu nilikuwa nayo. Duka la mikate ninakofanya kazi lilinunua kigari cha kusambazia mikate, na bosi akatutangazia kwamba wa kwanza kuja na leseni ndiye atakayekabidhiwa ufunguo. Nilikuwa nimechoka kusimama mbele ya mashine ya kukatia mikate kutwa nzima. Nikaona, mwalimu ninaye ndani ya ukoo, nitafute mwingine wa nini? Mtaa mzima unamwita Mwalimu, hata mkewe akikasirika anamwita hivyo, nami nitamwita hivyo hivyo.

Njia yake ya kufundishia haijabadilika tangu aanze kazi. Unatoka kwenye kibanda cha chuo cha udereva, unapita karakana ya kaka yake, unafuata ukuta wa shule, halafu unaingia kwenye barabara yenye matuta matatu kabla ya mzunguko. Ukifika kwenye mzunguko unaweza kuuzunguka ukarudi chuoni, au ukanyoosha ukafika hospitali. Tuta la tatu ndilo lenyewe. Nadhani aliyelijenga alikuwa amegombana na mtu siku hiyo. Mwalimu analipenda kweli kweli. Anasema mwanafunzi akilipanda lile bila abiria kutikisika, amekuwa dereva.

Nilikuwa nalipanda vizuri. Nasema bila aibu kwa sababu alisema mwenyewe mbele ya dada, na Mwalimu hasifii watu ovyo. Halafu asubuhi moja, tuta la kwanza tu, akaguna.

"Umebeba viazi humu ndani?"

"Nimeshuka mpaka gia ya kwanza, Mwalimu."

"Umelirukia kama mbuzi."

Tuta la pili akaukamata mkanda wa kiti na kuuvuta mbali na tumbo. La tatu akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima, kisha akanitolea uvivu: sina mguu, sina sikio la kusikia injini, bora nibaki na mikate yangu. Tukarudia. Tukarudia tena. Kila nikipunguza mwendo yeye anazidi kukunja uso, mpaka nikawa napanda tuta kwa mwendo wa mtu anayesukuma mkokoteni, na bado eti nilikuwa nalirukia. Nilishuka garini na machozi ya hasira.

Nyumbani dada akaniambia Mwalimu hajala tangu jana yake. Maumivu yalianza kitovuni, yakahamia chini upande wa kulia, na alikuwa anatembea ameinama, mkono kiunoni. Dada alimwambia aende hospitali, akajibu ni gesi. Mtu mwingine angeunganisha mambo hayo mawili, tumbo na matuta. Mwalimu naye aliyaunganisha, ila alianzia upande wa gari. Kwa kuwa siku ile wanafunzi wake wote, wapya kwa wa zamani, walikuwa wamesahau kupanda matuta kwa mpigo mmoja, alitafakari akaona haiwezekani wote wawe wabovu. Bovu ni gari. Akalipeleka kwa kaka yake.

Kaka yake ni fundi magari na ni mkubwa wake, kwa hiyo hapo una mtu anayejua kila kitu mara mbili. Aliingia chini ya gari, akabonyezabonyeza, akatoa hukumu: shokapu zimekufa, zile zinazozuia gari lisirukeruke. Akazibadilisha zote. Ndiyo, nimesema sawasawa. Mtu anaumwa tumbo, ndugu yake akamtibu gari.

Tukaingia barabarani na shokapu mpya, na bado tuta la kwanza lilimtoa jasho. Tulipokuwa kwenye foleni ya mzunguko akashtuka, akashika tumbo, halafu polepole uso ukakunjuka. Akakaa wima. Akapumua. Tulipozunguka na kurudi kwenye matuta tuliyapanda yote matatu naye ametulia, anatazama maduka.

"Umeona?" akasema. "Shokapu hizo. Zilitaka kutembea kidogo zikae sawa." Kisha akanipigapiga begani. "Na wewe shem, leo tuta umelipanda vizuri."

Nilifurahi mpaka nikaenda kumringia bosi. Baadaye daktari alituambia kwamba huenda ndiyo dakika ile kidole tumbo chake kilipopasuka. Kikiwa kimevimba na kujaa usaha kinabana hasa. Kikipasuka, mbano unaachia, maumivu yanapungua kwa muda, mtu anadhani amepona, kumbe uchafu umeshamwagika ndani. Kila nikizikumbuka zile sifa nasikia uchungu mdomoni.

Nafuu yenyewe haikufika mbali. Jioni homa ikapanda, kesho yake akavaa sweta juani akisema ni mafua. Dada alibembeleza, akagomba, akaficha ufunguo wa gari, Mwalimu akautafuta akaupata. Kwa siku kadhaa alifundisha hivyo hivyo, amejikaza kisabuni, macho yameingia ndani, akiwaelekeza wanafunzi wapite sokoni badala ya barabara yake. Mtu aliyelipenda tuta la tatu kama mwanawe sasa anayakwepa matuta, na ukimwuliza anakwambia mafua!

Siku aliyozidiwa tulikuwa tunapita huko huko sokoni. Mkokoteni wa maji ukachomoza mbele yangu. Nilichelewa kidogo kukanyaga, maana kila mwanafunzi wake, hata asiposema, anaitegemea ile breki ya pili. Haikuja. Nilisimamisha gari mwenyewe, upana wa kiganja kutoka kwenye madumu, mwenye mkokoteni akinitukania ukoo wangu wote. Nikageuka nimpe Mwalimu vidonge vyake. Alikuwa amekamata paja la kulia kwa mikono yote miwili, anajaribu kuuinua mguu, haunyanyuki. Midomo ilikuwa imekauka na jasho jembamba lilikuwa linamtoka.

"Shem," akasema, "mguu umegoma."

Niligeuza gari nikalielekeza hospitali. Leseni sikuwa nayo, lakini mwalimu alikuwepo kitini kama sheria inavyotaka, hata kama alikuwa amefumba macho. Njia ni ile moja tu, yenye matuta. Niliyavuka roho mkononi, na kwa kila moja alilia, mwanamume mzima, akimwita mama yake.

Hospitali tukakuta kazi nyingine, ya kusubiri. Subiri benchini, subiri damu, subiri mashine ya picha. Mashine ikipatikana, mwenye ufunguo wa chumba kaenda kula. Dada alifika na kandambili zisizofanana. Kaka mkubwa alifika na ovaroli lake la grisi, akaanza kumwuliza kila aliyevaa nguo nyeupe kwa nini mdogo wake hajapelekwa kupasuliwa, mpaka akamwuliza mpishi. Nilitamani kupiga kelele, ila nilikuwa sijui nimpigie nani.

Mwishowe akaja daktari, mwanamke mwenye sauti ya chini, ile sauti ambayo ukiwa na hasira unatamani mwenyewe aipandishe kidogo. Akatuonyesha picha. Kidole tumbo kimepasuka, akasema, na hakikupasuka leo. Bahati ni kwamba usaha haukusambaa tumbo zima. Utumbo na mafuta ya ndani vimeuzunguka vikaufungia pembeni, ukawa jipu.

"Basi mpasue," kaka mkubwa akasema.

"Ungekuwa umesambaa tumboni, sasa hivi tungekuwa naye chumba cha upasuaji, tunakitoa na kumsafisha tumbo. Hilo halina mjadala. Lakini huyu presha yake imetulia na jipu limejifungia. Hapo ndani kila kitu kimevimba na kugandana. Nikiingia na kisu leo naweza kutoboa utumbo usio na ugonjwa, au nikalazimika kukata kipande kikubwa kuliko kile nilichokifuata." Akatungoja tumeze. "Njia ya pili ni dripu ya dawa za kuua bakteria, na mrija mwembamba tunaoupitisha kwenye ngozi huku tunatazama kwenye picha, usaha utoke. Uvimbe ukinywea anarudi nyumbani. Wiki sita hadi nane hivi baadaye tunazungumza kukitoa kilichobaki, mahali pakiwa pametulia."

"Na dawa zikishindwa?" dada akauliza.

"Tutakuwa tunamwangalia. Homa isiposhuka, au tumbo zima likikaza, tutampasua. Hiyo njia hatujaifunga."

Kaka mkubwa akacheka kile kicheko cha fundi anayemwona mwenzake anakosea. "Rejeta ya gari ikipasuka ikamwaga maji, huiwekei mrija, mama. Unaitoa."

"Kaka, mtu si rejeta," nikasema.

"Nawe umepata leseni ya udaktari kabla ya ile ya gari?"

Kilichonikera zaidi ni kwamba moyoni nilikuwa upande wake. Sote tulitaka kisu. Kisu unakiona kimefanya kazi, mtu anaingia na ugonjwa anatoka bila ugonjwa. Dripu inadondoka tone kwa tone na mgonjwa yuko palepale anatetemeka, halafu unaambiwa hayo ndiyo matibabu, uwe na subira. Na mgonjwa mwenyewe, unadhani alisema nini? Alifumbua jicho moja akauliza, "Ipi inanitoa mapema? Nina wanafunzi wa mtihani." Nilitamani kumpiga kwa kile chuma cha kutundikia dripu.

Kaka mkubwa hakungoja. Aliifahamu hospitali nyingine, mbali kidogo, yenye daktari ambaye kwa maneno yake hapotezi muda wa watu. Akatoka, akarudi na gari la mteja, akalisimamisha mlangoni likiunguruma. "Mbebeni," akasema. Wote tukamtazama dada. Dada yangu ni mtu wa kukubali. Kwa mumewe anakubali, kwa shemeji yake anakubali, hata kwangu mimi mdogo wake anakubali. Alikuwa ameshika pindo la shuka analikunja na kulikunjua.

"Daktari," akasema, "akisafirishwa, hilo jipu linaweza kupasuka njiani?"

"Linaweza."

"Na barabara ina matuta." Hilo alilisema kama anajikumbusha mwenyewe. Kisha akamgeukia kaka mkubwa. "Kaka, nakuheshimu. Haendi popote. Awekewe mrija."

Alikasirika huyo mtu! Aliondoka bila kuaga na gari la mteja. Dada akakaa chini sakafuni, palepale.

Sitakwambia mengi kuhusu ule mrija, ila usaha uliotoka ulikuwa na harufu iliyonifuata mpaka kwenye mikate. Siku za kwanza homa ilishuka ikapanda, ikashuka ikapanda, na kila ikipanda dada alijiona muuaji. Kisha ikashuka ikakaa. Niliijua nafuu siku tuliyomkuta anasukumwa kwenye kiti cha magurudumu kwenda kupigwa picha nyingine, naye anamwambia nesi, "Kona hiyo, punguza. Punguza, nakwambia."

Siku ya kuruhusiwa daktari alimkalisha. "Kilichobaki ndani, wapo wanaokiacha kama hakisumbui, na wapo wanaokitoa. Wewe umeshavuka arobaini. Ushauri wangu kitoke, kiende maabara. Si mara nyingi, lakini nyuma ya jipu la namna hii huweza kujificha uvimbe mbaya. Siwezi kukuahidi kwamba haupo mpaka nikitoe nikione." Akampa tarehe. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akashukuru, na tulipofika nje ya geti akasema, "Mmesikia? Wapo wanaokiacha." Nusu ya pili ya maneno ilikuwa imeanguka pale pale kitini, au ndivyo nilivyodhani.

Akarudi kazini. Mwili ukarudi, sauti ikarudi, breki ikarudi. Ukimtajia tarehe anakuuliza, "Kinauma? Hakiumi. Sasa nikafuate nini?" Na yule kaka mkubwa, yule yule aliyetaka mtu apasuliwe kabla hajavuliwa viatu, sasa alikuwa amegeuka kabisa: "Injini inazunguka, unaifungua ya nini?" Nilimwuliza rejeta imeishia wapi, akaniambia nisiingilie mambo ya wanaume. Sijui nani aliwapa kidole tumbo wanaume peke yao.

Tarehe ilipokaribia nilimkuta dada jikoni anaosha sufuria ambalo lilikuwa safi tangu zamani.

"Mimi ndiye ninayelala naye," akasema. "Akigeuka anaguna. Nikimwuliza anasema godoro limebonyea."

"Limebonyea kweli?"

"Juzi kaleta jipya."

Nikakaa. Kwanza shokapu, sasa godoro. Dada hakucheka, nami sikucheka.

Siku yenyewe nilimwomba Mwalimu somo la asubuhi, kwa kuwa mtihani wangu ulikuwa umekaribia. Dada alishatangulia hospitali na begi. Tukapita karakana, tukafuata ukuta wa shule. Pale anapoelekeza watu wapite sokoni aliniambia, "Kata huku." Nikanyoosha.

"Nimesema kata huku."

"Leo ni siku yako, Mwalimu. Dada yuko getini anakusubiri."

Breki. Nikakanyaga mafuta, naye breki, gari likatetemeka likazima katikati ya barabara. Nikawasha. Akalizima tena, kwa mguu tu, bila kunitazama. Nyuma yetu watu wakaanza honi. Nikawasha, akazima. Hapo uvumilivu uliniisha, na nilisema kwa sauti ambayo hata wenye honi waliisikia.

"Wewe mtu una breki tu, mafuta huna! Umebadilisha shokapu, umebadilisha godoro, kesho utabadilisha mke! Mbovu ni wewe! Dada yangu amekonda kuliko wewe uliyelazwa!"

"Siumwi."

"Huumwi?"

"Siumwi, nakwambia."

"Haya. Matuta hayo hapo mbele, yote matatu. Ukiyavuka bila kushika tumbo nageuza kwenye mzunguko, nakurudisha chuoni, na hutanisikia tena maisha yako yote."

Nilijua hawezi kukataa. Akanyoosha mgongo, akaweka viganja juu ya magoti, akaondoa mguu. Tuta la kwanza alilivuka akipiga mluzi. La pili mluzi ulikatika, lakini mikono ilibaki magotini, na mimi nikaanza kuogopa kwamba nimeshindwa, kwamba kwa mdomo wangu mwenyewe nimempa ruhusa ya kwenda kufa. La tatu likatokea. Nikashuka gia ya kwanza, nikapunguza, nikapunguza zaidi.

Gari likasimama. Hatukuwa tumeligusa tuta. Nilidhani nimelizima mwenyewe, kisha nikatazama chini upande wake nikauona mguu wa kulia umekandamiza breki mpaka mwisho.

Magari yakatupita pembeni.

"Tumbo limeanza tena," akasema. "Wiki nzima sasa."

"Kwa nini hukusema?"

Akalitazama lile tuta. "Yule daktari alisema huenda kuna kitu nyuma yake. Mnadhani sikusikia? Nilisikia yote. Sitaki akione, shem. Akishakiona kitakuwepo."

Nilitaka kumchapa kofi na nilitaka kumkumbatia, na kwa kuwa nilikuwa nimeshika usukani sikufanya lolote. Akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Siku zile ulikuwa unalipanda sawa," akasema. "Hukuwa na kosa."

Kisha akaunyanyua mguu kwa mikono miwili, akautoa kwenye breki, akauweka pembeni kabisa, karibu na mlango. Nikaweka gia ya kwanza. Tuta la tatu tulilipanda polepole, yeye ameshika tumbo waziwazi, anapumua kwa mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuniambia niende taratibu.